Muziki, Mwanga na Picha Jukwaani: Maonyesho ya Kisasa Ukingoni mwa Ziwa Tanganyika

Onyesho la muziki la kisasa hushikwa na mafundi wa aina tatu kwa wakati mmoja: wa sauti, wa taa na wa picha. Mwanamuziki anaimba au anapiga ala mbele ya hadhira. Nyuma yake skrini inaonyesha picha zilizochorwa, zilizopigwa kwa kamera au zilizotengenezwa na kompyuta. Juu yake taa zinabadili rangi na mwelekeo. Vitu hivi vikikaa pamoja bila mpango ni mapambo. Huwa sanaa moja pale pigo la ngoma, mwako wa taa na mgeuko wa picha vinapoangukia mahali pamoja, na ndiyo maana suala kuu katika fani hii ni la wakati: nani anaushika, mpigaji au mtambo? Jibu lake huamua vifaa vitakavyokodishwa, mafundi watakaoitwa, na uhuru atakaobaki nao mwimbaji akishapanda jukwaani. Katika mji kama Kigoma, ulio zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam, linaweza kuamua hata kama onyesho lenyewe litafanyika.

Wazo la kuunganisha muziki na mwanga ni la zamani kuliko kompyuta. Mtunzi wa Urusi, Alexander Scriabin, aliandika ndani ya noti za "Prometheus" ya mwaka 1910 sehemu ya kinanda kinachotoa rangi badala ya sauti, na mwaka 1915 mjini New York kazi hiyo ilipigwa huku mwanga wa rangi ukimulikwa kwenye kitambaa. Lakini njia mbili zinazotawala fani hii leo zilijipambanua baadaye. Ya kwanza ilionekana Brussels mwaka 1958, katika banda la kampuni ya Philips lililobuniwa na Iannis Xenakis akiwa katika ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier. Humo, muziki wa Edgard Varèse uliorekodiwa kwenye kanda ulitoka kwenye spika zaidi ya 300 huku picha zikitupwa ukutani. Hapakuwa na mpigaji hata mmoja. Kila kitu kilikwisha kupangwa, na mtambo uliendesha onyesho lilelile kwa kila kundi la watazamaji lililoingia. Njia ya pili ilipata makao katika ukumbi wa Fillmore East, New York, mwaka 1968. Kundi la Joshua Light Show lilimwaga mafuta na maji yenye rangi kwenye sahani za kioo, likaziweka juu ya projekta na kuzitikisa kwa mkono, likiifuata bendi iliyokuwa inapiga usiku huo. Bendi ikirefusha wimbo, rangi nazo zilirefuka.

Tofauti hiyo ya Brussels na Fillmore haijabadilika, ingawa vifaa vimebadilika sana. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana juu ya lugha moja ya kuviunganisha, MIDI, na mwaka 1986 ikaja DMX512, lugha ya taa, ambayo waya wake mmoja hubeba amri za njia 512. Tangu hapo kompyuta moja inaweza kusikia kinanda na kuwasha taa. Kinachobaki ni kuchagua: ama kompyuta itoe saa na wanamuziki waifuate kwa kusikiliza mdundo wa siri kwenye vifaa vya masikioni, ama kompyuta isikilize maiki na ala kisha picha ziende kama mpigaji anavyokwenda.

Maonyesho makubwa ya dunia yameegemea njia ya Brussels. "ABBA Voyage", iliyofunguliwa London mwaka 2022, huonyesha waimbaji wanne waliotengenezwa na kompyuta huku bendi ya watu wa kweli ikiwafuata wao. Ukumbi wa Sphere wa Las Vegas, uliofunguliwa na bendi ya U2 Septemba 2023, una skrini ya ndani yenye ukubwa wa takribani mita za mraba 15,000. Hata ule mzuka wa rapa Tupac uliowashangaza watu kwenye tamasha la Coachella mwaka 2012, ambao wengi waliuita hologramu, ulitumia hila ya kioo iliyoonyeshwa London na John Henry Pepper mwaka 1862. Yote hayo ni ya kustaajabisha, na mawili ya kwanza yanahitaji ukumbi uliojengwa maalumu.

Afrika Mashariki ina historia yake ya sauti na picha kwenda pamoja, na haikuanzia kwenye skrini. Kwa Waha wa Kigoma, kama kwa jirani zao Warundi, ngoma ilikuwa alama ya utawala wa mwami, mtawala wa jadi. Ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014, zinaonyesha jambo hili waziwazi. Wapigaji husimama nusu duara. Mmoja huingia katikati, akaruka, akazungusha fimbo, akapiga, kisha akampisha mwenzake. Anayetazamwa ndiye anayesikika, na aliye katikati ndiye mwenye wakati. Wengine wote humfuata kwa macho. Mbio za mkono wake ndizo mbio za onyesho zima, na hakuna anayejua mapema zamu yake itachukua muda gani.

Ngoma ya beni, iliyosambaa kutoka pwani hadi bara mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kufuata askari, wapagazi na reli, iliongeza kitu kingine: sare, vyeo, gwaride na mashindano ya makundi kama Arinoti na Marini. Hapo jicho lilipewa kazi sawa na sikio.

Sinema nayo ilifika ikiwa na tatizo la wakati tayari. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi ulioitwa kwa kifupi BEKE, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa lori katika makoloni ya Uingereza ya eneo hili. Maneno hayakuwa ndani ya filamu bali kwenye santuri. Faida yake ni kwamba filamu moja iliweza kusema lugha nyingi. Hasara ni kwamba sindano ikiruka, picha na maneno vinaachana. Miongo kadhaa baadaye, kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya miji ya Tanzania, tatizo lilelile lilitatuliwa kwa mdomo wa mtu. Wafasiri wa filamu, Lufufu akiwa maarufu kuliko wote, walikaa na maiki wakazungumza juu ya picha inayokwenda, wakaipa Kiswahili, utani na majina ya mitaani. Wasomi wa sanaa hawajalipa jambo hilo uzito unaostahili. Mtu aliyetumbuiza kwa sauti hai juu ya picha, akiharakisha na kupunguza mwendo kulingana na hadhira ya jioni hiyo, alikuwa anafanya kazi ya Fillmore bila kuhitaji sahani ya mafuta.

Kinyume chake kiliipata ngoma ya Burundi yenyewe. Mwaka 1967 Michel Vuylstèque na Charles Duvelle waliirekodi kwa ajili ya lebo ya Ocora ya Ufaransa. Mwaka 1971 rekodi hiyo ikavikwa kinanda na gitaa studioni Ulaya, ikauzwa kwa jina la "Burundi Black". Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell akatumia kipande chake, kikijirudia, chini ya sauti na sintesaiza katika wimbo "The Jungle Line". Kipande kinachojirudia kina mdundo wote wa asili isipokuwa jambo moja: hakiwezi kumjibu mtu. Ngoma iliyozoea kumfuata aliye katikati ikawa saa inayofuatwa na wengine.

Wasanii wa kizazi cha sasa wa ukanda huu wamejaribu kuurudisha wakati kwa mpigaji. Kundi la Nihiloxica la Kampala linaweka ngoma za Buganda na sintesaiza kwenye jukwaa moja, na mitambo ndiyo inayotafuta nafasi kati ya mapigo ya mikono. Albamu yao "Kaloli" ilitoka mwaka 2020. Rey Sapienz, mzaliwa wa Bunia aliyehamia Kampala, alichanganya sauti za kompyuta na ngoma na maneno ya mashariki ya Kongo. Wote hao wamepita katika mkondo wa Nyege Nyege, tamasha lililoanza Jinja mwaka 2015. Kutoka Kinshasa, Fulu Miziki wanatengeneza ala kwa takataka za mjini, pamoja na vinyago na mavazi, hivi kwamba kinachopigwa na kinachotazamwa vinatoka kwenye jalala lilelile. Nairobi, Just A Band, vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, walitayarisha muziki, video na maonyesho ya sanaa kwa mkono mmoja. Video yao ya "Ha-He" ya mwaka 2010 iliipa Kenya yote shujaa wa kubuni, Makmende. Dar es Salaam ilitoa singeli, muziki wa kompyuta unaozidi mapigo 200 kwa dakika, uliokua kutoka mchiriku wa vinanda vidogo vya Casio. Kwenye singeli DJ hukata na kurudisha biti kwa kumwangalia MC, na MC huwaangalia wachezaji. Ukitafuta fani ya mitambo isiyofungwa na saa ya mtambo, hiyo hapo.

Mkoa wa Kigoma umeshuhudia maonyesho makubwa ya muziki wa kisasa kwa sababu mojawapo ya wazi: watoto wake, au watoto wa wazazi wake, wamejaa kwenye Bongo Fleva. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo, wakiwemo Diamond Platnumz, Linex, Mwasiti, Peter Msechu, Ommy Dimpoz na Baba Levo, walikusanywa kwa jina la Kigoma All Stars wakarekodi "Leka Dutigite", kwa msukumo wa Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Kaskazini, na tamasha lake likafanyika nyumbani. Desemba 2019 Diamond alifunga miaka 10 ya muziki wake kwa onyesho la mkesha wa mwaka mpya kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, baada ya kusafiri na msafara wake kwa treni kutoka Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na safari hiyo ya wasanii ilikumbusha kwamba mji huu bado hupimwa kwa siku za njiani. Kwa onyesho la picha na taa, siku hizo ni gharama. Kifaa kilichosahaulika Dar es Salaam hakitumwi kwa bodaboda.

Ni vyema kuitazama skrini kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayokula fedha nyingi na ndiyo inayoeleweka kidogo. Skrini ya jukwaani si kioo kimoja. Ni vipande vya mraba, kwa kawaida sentimita 50 kwa 50, vinavyofungwa pamoja kwa lachi za pembeni, na kila kimoja kina waya wa umeme na waya wa data unaokiunganisha na jirani yake. Kwenye kipande cha aina inayokodishwa sana, nukta moja ya mwanga iko milimita 3.9 kutoka kwa nyingine, kwa hiyo upande mmoja una nukta 128. Skrini ya mita 6 kwa 4 inahitaji vipande 96, na picha yake yote ina nukta 1,536 kwa 1,024 tu, pungufu ya simu nyingi za mfukoni. Inapendeza kwa sababu ya umbali. Kanuni ya mafundi ni kwamba umbali wa kutazamia kwa mita usipungue milimita za nafasi kati ya nukta. Anayesimama mita nne au zaidi haoni tena nukta, anaona picha. Kutokana na hilo, mchoro wenye mistari myembamba, ulioonekana vizuri kwenye kompyuta mpakato, huvunjikavunjika jukwaani. Rangi nzito na maumbo makubwa hustahimili. Wachoraji wa Tingatinga, ambao picha zao zilifanywa katuni Nairobi katika mfululizo wa "Tinga Tinga Tales" wa mwaka 2010, wamekuwa wakichora kwa namna inayoifaa skrini bila kuijua: mnyama mmoja mkubwa, mandhari tupu, mipaka iliyokolea.

Skrini hiyo ya mita za mraba 24, ikionyesha nyeupe tupu, inaweza kula wati 500 hadi 800 kwa kila mita ya mraba, yaani kilowati 12 hadi 19 kabla ya taa na spika kuwashwa. Kwa miaka mingi Kigoma iliendeshwa na majenereta ya dizeli, na mkoa ulianza kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022. Hata penye gridi, waandaaji makini huleta majenereta yao, na wakiweza huleta mawili: moja la sauti na moja la taa na picha. Sababu yake husikika kabla ya kuelezwa. Vifaa vya kupunguza na kuongeza mwanga huchafua umeme, na uchafu huo hutoka kwenye spika kama mvumo wa nyuki. Umeme ukishuka ghafla, taa hufifia tu, lakini mtambo unaogawa picha kwenye vipande 96 hujizima na kujiwasha upya, na kwa sekunde kadhaa mwimbaji hubaki mbele ya ukuta mweusi. Aliyefunga onyesho lake lote kwenye saa ya mtambo husimama. Aliye na mpiga ngoma huendelea.

Jua nalo lina ratiba yake Kigoma. Tanzania nzima iko kwenye ukanda mmoja wa saa, lakini Kigoma iko karibu nyuzi 10 magharibi ya Dar es Salaam, na kila nyuzi ni dakika nne. Kwa hiyo jua huzama takribani dakika 39 baadaye. Siku nyingi huzama karibu na saa moja jioni au kupita kidogo, na giza la kweli hufika nusu saa baadaye. Ratiba iliyotungwa Dar es Salaam, yenye picha za kuvutia kuanzia saa moja kamili, Kigoma huanza mwanga wa jua ukiwa bado juu ya milima ya Kongo. Kwa skrini ya LED ya nje, yenye niti 4,000 au zaidi, hilo si tatizo. Kwa projekta ni maafa. Projekta ya lumeni 20,000, ambayo si kifaa kidogo, ikitandazwa kwenye mita za mraba 24 hutoa luksi zisizozidi 850 hivi, ilhali mchana wa jua kali una luksi zaidi ya 50,000.

Mbalamwezi, kwa upande wake, haina madhara. Mwezi mpevu hautoi hata luksi moja, na kwa ukingo wa Tanganyika unaleta faida isiyopatikana mahali pengi. Uvuvi wa dagaa hufanywa usiku kwa taa: zamani karabai, sasa taa za LED za betri, zinazomulika maji ili dagaa wapande na kukusanyika. Mwezi ukiwaka dagaa hawaijali taa ya mvuvi, mavuno hupungua, na wavuvi wengi hupumzika. Usiku wa giza kuu jamii za wavuvi za Kibirizi na Katonga zimo ziwani. Usiku wa mwezi ziko nchi kavu, na zina nafasi ya kwenda kwenye shoo. Mwandaaji anayetazama kalenda ya mwezi kabla ya kuchapa mabango anajua jambo ambalo kampuni ya matangazo haitamwambia. Tangu mwaka 2024 kuna kipindi kingine cha kuangalia: ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Muda kama huo huwaacha wavuvi wengi nchi kavu, ila mifuko yao haina kitu.

Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo pia miezi ya upepo wa kusini. Skrini iliyosimamishwa ni tanga. Upepo wa mita 15 kwa sekunde huisukuma ile ya mita za mraba 24 kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 300, na kitu kinachosukumwa kiko juu, penye wenzo mrefu. Tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana nchini Marekani, upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa na watu saba wakafa. Kwa hiyo nguzo za skrini hufungwa kwa mapipa ya maji au matofali ya zege, na kunakuwa na mtu mmoja mwenye kipimo cha upepo na mamlaka ya kusimamisha onyesho bila kumwuliza msanii. Uwanja ulio karibu na ziwa ambao hauna mtu huyo haujakamilika, hata kama kila kitu kingine kipo.

Sauti na picha huachana pia kwa sababu ya umbali mtupu. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde katika joto la usiku la Kigoma. Mwanga hufika papo hapo. Aliye mita 100 kutoka jukwaani huona fimbo ikigusa ngoma, kisha husikia mlio karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Kwenye dansi ya mwendo wa wastani hiyo ni zaidi ya nusu ya pigo. Spika za ziada zikiwekwa katikati ya uwanja lazima zicheleweshwe kwa makusudi, ili sauti yao iende pamoja na ile inayotoka jukwaani. Zisipocheleweshwa, maneno ya wimbo husikika mara mbili. Kamera nayo ina ucheleweshaji wake. Picha ya uso wa mwimbaji hupita kwenye kamera, kwenye mashine ya kuchanganya picha na kwenye mtambo wa skrini, na kila kituo huchukua sehemu yake ya sekunde. Ucheleweshaji wote ukifika sehemu moja ya kumi ya sekunde, aliye mbele kabisa huona midomo ikichelewa, lakini aliye mita 35 nyuma huona na kusikia sawasawa, kwa kuwa sauti nayo imechelewa njiani kwa kiasi hichohicho.

Hapa ndipo mjadala wa kuimba juu ya CD unapoingia. Kwa miaka mingi shoo za Bongo Fleva zilikuwa ni mwimbaji, madansa na wimbo uliorekodiwa, mara nyingine sauti yake yote ikiwa imo ndani. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, lilijiwekea sharti la muziki kupigwa moja kwa moja jukwaani, na ni sharti lililowafaa wasanii wengi kuliko walivyokiri. Lawama dhidi ya CD kwa kawaida ni za kimaadili: mwimbaji anadanganya. Kwa mtazamo wa fani inayojadiliwa hapa, kasoro yake kubwa ni nyingine. CD ni njia ya Brussels iliyotumika bila faida zake: wakati umefungwa, lakini taa na picha hazijafungwa nao, kwa hiyo msanii amepoteza uhuru na hakupata ulinganifu. Skrini nyingi za shoo hizo huishia kuonyesha jina la msanii likizunguka, nembo za wadhamini, na video ileile iliyokwisha tazamwa kwenye simu.

Namna inayofaa zaidi mazingira ya Kigoma ni ndogo na inafuata mkono. Mpiga ngoma huwekewa kinasa kidogo kwenye ngozi ya ngoma; kila pigo hugeuzwa kuwa amri, na kompyuta mpakato huitumia kubadili mchoro au kuwasha taa. Fundi wa picha hukaa mahali anapowaona wapigaji, akiwa na picha chache alizozizoea badala ya faili mia. Ujiji, mji wa Waha, Wamanyema, Wabembe na watu wa pwani waliofuata njia ya misafara, hauhitaji uwanja kwa jambo hilo: ukuta uliopakwa chokaa, kitambaa cheupe cha mita 4 na projekta ya lumeni 5,000 baada ya saa mbili usiku vinatosha hadhira ya mtaa. Mwanga ni mchache kuliko wa uwanjani, lakini eneo ni dogo, na jicho lililozoea giza hulipa tofauti. Umeme wake ni wa jenereta dogo la kawaida. Mpigaji akitaka kurefusha, onyesho hurefuka. Umeme ukikatika, ngoma haikatiki.

Mafundi wa kazi hiyo bado ni wachache. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyotokana na chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, hufundisha ufundi wa jukwaa pamoja na muziki na ngoma. Nairobi, taasisi ya Santuri ilianzisha mafunzo ya muziki wa elektroniki mwaka 2021. Wengi zaidi hujifunza kwa kubeba nyaya za wenzao, na njia hiyo ina uzuri wake, ila mara nyingi humtoa fundi anayejua kuwasha kila kitu bila kujua kwa nini kimewaka.

La mwisho ni la haki. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mchoraji kama inavyomlinda mtunzi wa wimbo, na ofisi inayosimamia ni ileile, COSOTA. Katika maonyesho ya aina hii mchoro hufanywa kwa usiku mmoja, ukalipwa mara moja, kisha ukaonekana kwenye video ya onyesho iliyowekwa mtandaoni na kutazamwa kwa miaka. Mkataba wa mdomo haugusi sehemu hiyo ya pili. Unaoandikwa hutaja mambo manne: picha ni za nani baada ya onyesho, kama zinaweza kutumika mji mwingine, jina la mchoraji litaandikwa wapi kwenye video, na nani atabaki na faili za asili. Lile la nne hupuuzwa, nalo ndilo linaloleta ugomvi mara nyingi, kwa sababu faili hubaki kwenye kompyuta ya kampuni iliyokodisha skrini, na kampuni hiyo kesho yake iko njiani kwenda Tabora na kazi ya mtu mwingine.